Macho mekundu, usaha na ile chupa ya "dexa": majibu ya barua zenu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu dawa za macho, na karibu zote zinauliza jambo moja: nimenunua matone, mbona siponi? Wekundu wa jicho ni dalili tu. Chanzo kinaweza kuwa bakteria, virusi, aleji, fangasi au hata sumu ya mdudu, na dawa inayomponya mmoja inaweza kumpofusha mwingine. Tuanze na barua iliyotufikia kwa wingi zaidi.

Shikamoo daktari. Nyumba nzima tumeshikwa na macho mekundu, alianza mdogo aliyetoka nayo shuleni. Duka la dawa walitupa kloramfenikoli, chupa moja tunagawana watu wanne. Leo siku ya nne na hali ni mbaya kuliko jana. Tubadilishe dawa? – Msomaji, Mbagala

Marahaba. Msibadilishe, huenda hata hiyo mliyopewa hamkuihitaji. Macho mekundu yanayopita nyumba nzima ndani ya siku chache, yanayotoa machozi mengi kuliko usaha, pengine pamoja na koo kuwasha au kivimbe kinachouma mbele ya sikio, kwa kawaida ni ya virusi, hasa adenovirusi. Ndiyo yaliyotikisa Dar es Salaam Januari 2024, kisha yakasikika Mombasa. Antibayotiki haiui virusi. Ugonjwa huu huchukua wiki moja hadi tatu, na siku chache za mwanzo huzidi kabla ya kupungua. Ndiyo maana siku ya nne mnaona dawa imeshindwa.

Kinachosaidia ni kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, kiwekwe juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Matone ya machozi bandia hupunguza ile hali ya mchanga jichoni, na parasetamoli hupunguza maumivu. Kila mtu awe na taulo na foronya yake. Adenovirusi hukaa hai kwenye kitasa cha mlango au kioo cha simu kwa siku nyingi, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kila mtu anapogusa uso.

Chupa mnayogawana itupeni leo. Ncha yake ikigusa kope ya mgonjwa mmoja, inawapelekea wote.

Kloramfenikoli ina mahali pake: usaha mzito wa njano au kijani, kope zilizogandana asubuhi mpaka uzilainishe kwa maji, kwa kawaida likianza jicho moja. Hapo matone ya asilimia 0.5 huwekwa tone moja kila saa 2 kwa siku mbili za kwanza, kisha kila saa 4 ukiwa macho, jumla siku 5. Usaha usipopungua baada ya siku mbili, rudi kwa mtoa huduma badala ya kununua chupa ya aina nyingine. Na kama baada ya macho haya ya virusi kuona kwako kumebaki na ukungu, nenda kliniki ya macho. Wakati mwingine kinga ya mwili huacha madoa madogo kwenye kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu ya mbele, nayo yanahitaji kuangaliwa kwa mashine.

Mwanangu ana miaka 8. Macho yanamwasha tangu akiwa na miaka 4, anayafikicha mpaka usiku, weupe wa jicho umekuwa na rangi ya kahawia. Kuna matone niliandikiwa mwaka jana, yana deksamethasoni na neomaisini. Yakiwekwa siku mbili tu anapona kabisa, nikiacha yanarudi. Basi nanunua mwenyewe kila chupa inapoisha. Jirani ameniambia yana madhara. Ni kweli? – Mama wa watoto watatu, Dodoma

Jirani yako amesema kweli, na barua yako ndiyo iliyotufanya tutenge nafasi kubwa hivi kwa dawa za macho.

Ugonjwa wenyewe unaelekea kuwa ile aleji ya macho ya watoto wa nchi za joto. Huanza utotoni, huwapata zaidi wavulana, huwasha kuliko kuuma, hutoa ute mweupe unaovutika kama uzi, na kwa watoto wetu pembeni mwa duara jeusi la jicho hutokea rangi ya kahawia au uvimbe unaofanana na ute uliogandiana. Wengi hupona wenyewe wakibalehe. Kwa hiyo kazi ya tiba ni kumvusha mtoto miaka hiyo bila kumharibu jicho.

Deksamethasoni ni steroidi. Inazima uvimbe haraka, ndiyo sababu siku mbili zinatosha kumfurahisha kila mtu. Lakini ikitumika kwa wiki nyingi, kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya ndani ya jicho, na watoto huathirika upesi. Presha hiyo haiumi. Mtoto hasemi chochote, huku mshipa wa fahamu wa jicho ukifa taratibu kuanzia pembeni, na kilichokufa hakirudi. Steroidi hiyo hiyo huleta mtoto wa jicho. Neomaisini nayo, iliyochanganywa humo, ni antibayotiki ambayo mwanao hana haja nayo, tena yenyewe huwaletea baadhi ya watu aleji ya kope.

Fanya hivi. Wiki hii, si mwezi ujao, mpeleke kliniki ya macho yenye daktari, uende na ile chupa, useme ametumia kwa muda gani. Waombe wampime presha ya jicho na waangalie mshipa wa fahamu. Usinunue chupa nyingine kabla ya hapo.

Dawa ya kudumu kwa watoto hawa ni nyingine. Sodiamu kromoglikati ya asilimia 2, tone moja mara 4 kwa siku, kila siku, hata siku ambayo hayawashi. Hapa ndipo wazazi wengi hukwama: dawa hii huzuia chembe za aleji zisipasuke, haizimi moto uliokwisha kuwaka, na huhitaji wiki moja au mbili kabla hujaona faida. Anayeiweka siku tatu akasema haifai hajaipa nafasi. Olopatadini ya asilimia 0.1, tone moja mara 2 kwa siku, hufanya kazi upesi zaidi, ila bei yake iko juu. Kitambaa cha maji baridi hupunguza muwasho ndani ya dakika chache, na kofia yenye ukingo husaidia juani. Mtoto azuiwe kufikicha macho. Kufikicha kwa miaka hukilegeza kioo cha jicho mpaka kikachongoka mbele, na miwani ya kawaida ikashindwa kusaidia.

Steroidi bado inaweza kuhitajika aleji ikipamba moto, lakini kwa wiki chache, dozi ikishushwa kidogo kidogo, na presha ikipimwa. Ikionekana mtoto hawezi kuishi bila hiyo, daktari ana dawa nyingine za kushusha kinga ya jicho, kama siklosporini.

Dukani soma lebo kabla ya kulipa. Ukiona dexamethasone, betamethasone, prednisolone, hydrocortisone au fluorometholone, hiyo ni steroidi, hata kama jina kubwa la biashara ni jingine na mbele kumeandikwa antibayotiki.

Mimi ni mkulima. Jani la mahindi lilinichapa jicho wiki iliyopita. Nilipaka asali, baadaye duka la dawa wakanipa matone ya gentamaisini na deksa. Sasa jicho linauma sana, mwanga siuwezi, na mke wangu anaona kidoa cheupe kwenye duara jeusi. – Msomaji, Mbozi

Ndugu, acha kusoma hapa uende hospitali yenye kliniki ya macho leo hii. Matone hayo usiyaweke tena, na asali pia. Maelezo mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni.

Kidoa cheupe, maumivu na kushindwa kuvumilia mwanga ni dalili za kidonda kwenye kioo cha jicho. Jicho lililochubuliwa na jani, suke au kijiti mara nyingi hubeba fangasi, hasa Fusarium na Aspergillus, ambao huishi kwenye mimea na udongo. Gentamaisini haiwagusi. Deksamethasoni ndiyo hatari zaidi: inalaza kinga iliyokuwa ikiwazuia, jicho linapoa kidogo kwa siku moja au mbili, mgonjwa anadhani anapona, kumbe fangasi wanachimba kwenda chini. Asali, majimaji ya majani, tumbaku, mkojo na vingine tunavyosikia huongeza vijidudu juu ya jeraha lililo wazi.

Kliniki watakutia ganzi, wakwangue kidonda kidogo na kuangalia sampuli kwa hadubini. Wakikuta fangasi, dawa ya kwanza ni natamaisini ya asilimia 5, tone moja kila saa, mchana na usiku kwa siku mbili za mwanzo, kisha taratibu hupunguzwa kwa wiki mbili au tatu, wakati mwingine zaidi. Ni dawa yenye rangi ya maziwa. Itikise kwanza, na usishangae ikiacha unga mweupe kwenye kope. Wakikuta bakteria, matone ya siprofloksasini ya asilimia 0.3 huwekwa mawili kila dakika 15 kwa saa 6 za kwanza, kisha kila nusu saa siku hiyo yote, kila saa siku ya pili, halafu kila saa 4. Linganisha na ile "mara tatu kwa siku" uliyoambiwa dukani: kidonda cha kioo cha jicho hakitibiki kwa mwendo huo. Ndiyo maana wengi hulazwa, ili awepo mtu wa kuwaamsha usiku.

Jambo moja la nyongeza. Yale matone ya ganzi watakayokutia yatakupa raha ya ajabu kwa dakika 20 hivi. Usiombe chupa ya kwenda nayo nyumbani. Yakitumika mfululizo huzuia kidonda kufunga na huyeyusha kioo chenyewe.

Mjukuu wangu ana siku tatu, macho yamevimba na usaha unabubujika. Mama yake anamkamulia maziwa ya titi jichoni. Yanatosha? – Bibi, Kilwa

Shikamoo bibi. Hayatoshi. Ampeleke mtoto hospitali sasa hivi, asisubiri kesho.

Usaha mwingi wenye uvimbe kati ya siku ya pili na ya tano baada ya kuzaliwa huchukuliwa kuwa kisonono mpaka vipimo viseme vinginevyo. Mtoto huupata wakati wa kupita njia ya uzazi, na bakteria huyu anaweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya siku moja. Matone peke yake hayatoshi. Hudungwa sindano moja ya seftriaksoni kwa kipimo cha uzito, miligramu 25 hadi 50 kwa kila kilo, na macho husafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali mara kwa mara mpaka usaha ukome. Klamidia, bakteria mwingine wa zinaa, hujitokeza baadaye kidogo, kati ya siku ya 5 na ya 14, nayo hutibiwa kwa azithromaisini ya maji ya kunywa, miligramu 20 kwa kilo kwa siku 3, kwa sababu inaweza kuwa imeshaingia kifuani. Mama na mwenzi wake watibiwe siku hiyo hiyo, hata kama hawana dalili. Mazungumzo hayo huwa mazito ndani ya nyumba, lakini hayakwepeki.

Kinga ipo na ni rahisi: malhamu ya tetrasaiklini ya asilimia 1 hupakwa macho yote mawili ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Wazo hilo ni la miaka ya 1880, pale daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alipoanza kudondosha nitreti ya fedha kwenye macho ya vichanga. Kabla yake zaidi ya 10 katika kila 100 hospitalini mwake waliugua, na baadaye walibaki chini ya mmoja. Aliyejifungulia nyumbani awahi zahanati aombe malhamu hiyo.

Mtoto wa wiki tatu mwenye tongotongo kidogo, macho meupe na asiye na uvimbe ni habari nyingine. Huyo kwa kawaida mrija wa machozi haujafunguka. Mama anasugua kwa kidole safi pembeni mwa pua, kutoka kona ya jicho kushuka chini, mara chache kwa siku.

Baba yangu amepata mkanda wa jeshi upande mmoja wa paji la uso, sasa upele umefika ncha ya pua. Jicho limeanza kuwa jekundu. Tumpake nini? – Msomaji, Iringa

Msimpake kitu jichoni. Mpelekeni apate vidonge. Mshipa wa fahamu unaohudumia ncha ya pua unahudumia na jicho pia, hivyo upele ukifika hapo jicho nalo lina uwezekano mkubwa wa kuingiliwa. Asaikloviri ya kumeza ni miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7 hadi 10, na faida yake ni kubwa ikianza ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, kwa hiyo lazima apitie kwa daktari. Apimwe na VVU, kwa kuwa mkanda wa jeshi huwa dalili ya kinga iliyoshuka, ingawa kwa mzee umri pekee unatosha kuuleta.

Niliamka kope imevimba na ngozi ina mstari mwekundu unaochoma. Watu wanasema ni Nairobi fly. Nanunua antibayotiki gani? – Msomaji, Kiambu

Hakuna. Huyu ni mdudu mwembamba mwenye vipande vyeusi na vya rangi ya chungwa, hujaa baada ya mvua na hufuata taa. Haumi wala hachomi. Ukimponda, majimaji yake yenye sumu iitwayo pederini huunguza ngozi, na mkono uliomponda ukigusa jicho huipeleka huko. Osha ngozi kwa sabuni na jicho kwa maji mengi safi, kisha weka kitambaa cha baridi. Malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili na hupona ndani ya wiki moja hadi tatu. Ukiona ukungu au maumivu ndani ya jicho, nenda kliniki. Akikutua, mpulize aondoke.

Chokea inanirudia kila mwezi. – Msomaji, Tanga

Kitambaa cha maji ya moto kiasi cha kuvumilika, dakika 10, mara 4 kwa siku. Usiikamue, wala usinunue vidonge kwa ajili yake. Kwa kuwa inarudi, safisha mizizi ya kope kila jioni kwa pamba yenye shampuu ya watoto iliyochanganywa na maji, na upime sukari. Uvimbe ukienea kope nzima, ukapata homa, au jicho likashindwa kuzunguka, hiyo si chokea tena. Ni hospitali usiku huo huo.

Kijijini kwetu walikuja na fimbo ya kupimia urefu, wakatupa vidonge vya macho sote, hata sisi tusioumwa. Kwa nini? – Msomaji, Longido

Ni azithromaisini kwa ajili ya vikope, yaani trakoma. Bakteria wake hukaa kwa watoto wengi wasiolalamika, hupita kwa vidole, nguo na nzi, na kumtibu mmoja mmoja ni kuteka maji kwa tenga. Ugonjwa ukionekana kwa watoto 5 au zaidi katika kila 100 wa umri wa mwaka 1 hadi 9, hutibiwa jamii nzima. Fimbo hukadiria dozi bila mizani: miligramu 20 kwa kilo, isiyozidi gramu 1 kwa mtu mzima. Vichanga wa chini ya miezi 6 hupewa malhamu ya tetrasaiklini mara 2 kwa siku kwa wiki 6. Vidonge havinyooshi kope zilizokwisha kugeukia ndani. Huyo anahitaji operesheni ndogo. Kunawa uso na vyoo ni sehemu ya dawa hiyo hiyo. Oman, nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeushinda, ilifika hapo mwaka 2012.

Nikiweka matone nusu yanamwagika shavuni. Niweke mangapi? – Msomaji, Zanzibar

Moja. Mfuko wa jicho haubebi hata tone zima la chupa, hivyo la pili linafuata la kwanza hadi shavuni. Nawa mikono, inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini itengeneze kijifuko, dondosha humo bila ncha kugusa kitu. Fumba taratibu, usikonyeze, na ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika 2, dawa isishukie kooni. Ukisikia uchungu kooni, hukubonyeza vizuri.

Ukiwa na dawa mbili, subiri dakika 5 kati yake. Malhamu huja mwisho, kwa sababu mafuta yake huzuia matone kupenya. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa na itupe baada ya siku 28. Matone ya kloramfenikoli huharibika kwa joto, yakae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, mlangoni panatosha, yasigandishwe. Asiye na friji aulize dawa isiyohitaji. Lenzi za jichoni zitoke mpaka matibabu yaishe. Ukisahau dozi, weka unapokumbuka. Usifidie kwa matone mawili.